Aliyelishwa Mwambani

Wusi
3 Juni 1956

Ndugu yangu Philemon,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia kwa mama yetu, ambaye bado anapalilia mwenyewe na hataki kusaidiwa. Mimi mkubwa wako sijambo, na Jedidah wangu hajambo. Tumefurahi kusikia homa yako imepungua na umerudi kwenye mabehewa yako. Kanisani tulikuombea kwa jina. Na kama ulivyotaka, mkeo hatujamwambia kwamba uliugua.

Sasa nina jambo, nimekaa nalo tangu wiki iliyopita na limenishinda. Mbuzi wetu mwekundu alipotea, nikamfuata mpaka juu ya shamba lako, pale mwambani, kwenye pango la mafuvu ya wazee wetu. Unajua mimi ni mzee wa kanisa, mahali pale sina haja napo. Lakini mbuzi hajui dini. Nikainama pangoni kumtafuta, na mbele ya mafuvu, chini kabisa ya fuvu la babu yetu Mwandawiro, nikakuta viazi vitamu na kipande cha boga. Si vya zamani. Boga lilikuwa bado linatoa maji.

Philemon, tangu tubatizwe nyumba yetu haijapeleka chakula kule. Na njia ya kufika mwambani ni moja, inapita nyuma ya jiko la mkeo. Jedidah anasema Tryphena siku hizi anachimba viazi kama mtu mwenye harusi, na wako wawili tu pale, yeye na mwanao Mkamburi. Halafu hii ni Hali ya Hatari. Chifu akisikia chakula kinapelekwa mapangoni, atauliza ni mtoro gani wa kambi ya kizuizi ya Manyani anayefichwa huko. Sisemi ni hivyo. Wala sisemi mkeo amerudia mambo ya kizamani. Nasema nimeona boga.

Na usisahau kwamba yeye ni mtu wa Bomeni, watu wa tambarare hatujui wanalelewaje. Mwulize taratibu, wala usinitaje.

Ndugu yako katika Bwana,
Gibson


Kaloleni, Voi
10 Juni 1956

Mama Mkamburi,

Hujambo, na mwanangu hajambo? Mimi ni mzima, kazi tu na vumbi la Voi. Ule unga wa muhogo ulinifikia kwa mkono wa gadi wa treni ya Taveta. Naula kila siku.

Nataka habari za nyumbani. Viazi vya mwaka huu vimekuwaje, vinatosha? Nasikia huko milimani kuna watu wanachimba kabla ya wakati. Na wageni je, kuna mtu anayekuja nyumbani mara kwa mara, mtu wa kupikiwa? Nauliza tu, kwa sababu mwenye nyumba akiwa mbali hujiuliza mambo. Na ile njia ya nyuma ya jiko, siku hizi inapitwa na nani? Mwaka jana niliiacha imeota nyasi.

Mkamburi anasoma? Mwambie aniandikie nione mwandiko wake.

Mimi mumeo,
Philemon


Wusi
18 Juni 1956

Baba Mkamburi,

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili sikucheka. Tangu tuoane hujawahi kuniuliza habari ya kiazi hata kimoja. Leo unauliza viazi, unauliza wageni, unauliza nyasi za nyuma ya jiko. Sema tu kwamba aliyekuandikia ni shemeji Gibson, tuendelee.

Nyasi zimekanyagwa, ni kweli. Nilidhani ni Jedidah anakata njia kwenda kuteka maji. Na viazi vinapungua, ni kweli pia, sina haja ya kuficha. Navichimba vya siku mbili, vinaisha siku moja. Kuna boga nililiweka juu ya dari la jiko, likaondoka lenyewe. Nimemwuliza Mkamburi, anatazama vidole vya miguu yake na kusema ni panya. Panya wa kubeba boga mimi sijamwona bado. Kwa hiyo nami nina yangu moyoni. Shemeji amelitaka lile shamba la chini ya mwamba tangu siku niliyofika, alitie kahawa, na mtu akitaka kumwondoa mwenzake huanza kwa kumharibia jina.

Na wewe je? Mama mmoja anayepeleka kabichi hapo sokoni Voi amenieleza mbele ya watu kwamba kabla ya Pasaka mume wangu alilala hoi kwa homa, na kuna mwanamke anaitwa Katuku alikuwa akimletea uji. Mimi nikiwa huku naomba Mungu akupe likizo. Pasaka ukaniandikia kwamba likizo imekataliwa. Sasa nijulishe, ni likizo iliyokataliwa au ni uji uliokubaliwa?

Sina mgeni ninayempikia. Ningekuwa naye ningempa shoka anipasulie kuni.

Mkeo,
Tryphena


Wusi
30 Juni 1956

Ndugu yangu Philemon,

Juzi nilirudi mwambani, na safari hii si kwa ajili ya mbuzi. Nilitaka kuona kama chakula bado kinapelekwa. Kinapelekwa. Lakini hilo sasa ni dogo.

Fuvu la babu limekwanguliwa. Limetolewa mahali pake likalazwa ubavu, na juu ya jicho mfupa umeparuzwa mpaka ukawa mweupe. Ni mistari midogo midogo iliyopangana, kama mtu aliyekaa akakwangua kwa kisu bila haraka yoyote. Nikatafuta vumbi la mfupa chini, halikuwepo. Limechukuliwa.

Wewe si mtoto, unajua vumbi hilo likichukuliwa linakwenda wapi. Linatiwa kwenye chakula cha mtu. Na kuna mtu huko Voi anashikwa na homa, inapungua, inarudi, na daktari, kama ulivyoniandikia, haoni sababu, na mtu huyo huyo anatumiwa unga na mkewe. Mimi ni mzee wa kanisa, mambo haya siyaamini. Lakini ningekuwa wewe nisingeula unga huo.

Mama bado hajui. Nimewaeleza wazee wachache wa ukoo. Wanasema mkeo arudi kwao Bomeni mpaka jambo hili lieleweke, na Mkamburi abaki kwangu, kwa maana mtoto ni wa ukoo. Shamba nitaliangalia mimi, lisiote magugu.

Ndugu yako katika Bwana,
Gibson


Kaloleni, Voi
8 Julai 1956

Tryphena,

Barua hii nimeiandika nikaichana, nikaandika tena. Homa imerudi. Naandika nikiwa kitandani. Huyo Katuku uliyemtaja ni mke wa Nzioka ninayefanya naye kazi, ana wajukuu, kwa hiyo hilo liache. Homa ya kwanza nilikuficha kwa sababu ningekuambia ungeshika treni ukaja, na shamba lingebaki bila mtu. Hiyo ndiyo siri yangu yote. Sasa nipe yako.

Fuvu la babu yangu limekwanguliwa. Chakula kinawekwa mbele yake. Njia inatoka jikoni kwako, na umekiri mwenyewe kwamba imekanyagwa na viazi vinapungua. Unataka nifikiri nini? Kama kuna mtoro unamlisha, sema. Kama kuna mwanamume, sema. Kama umekwangua mfupa ili unirudishe nyumbani kwa dawa, ni heri ungeandika tu kwamba nirudi, ningekuja. Ule unga nimeumwaga nyuma ya nyumba. Kuku wa Nzioka wameula, na tangu hapo nimekuwa nikiwatazama kuku wale.

Wazee wameamua uende kwenu Bomeni na Mkamburi abaki kwa Gibson. Nami nimekubali. Mwisho wa mwezi utapanda treni Mwatate. Nikipata nafuu nitakuja tuzungumze mbele ya baba yako.

Philemon


Wusi
15 Julai 1956

Baba Mkamburi,

Kuku wa Nzioka hawajambo? Muhogo ule niliumenya, nikauanika, nikautwanga mpaka mikono ikatoka malengelenge. Lakini nitaurudia unga siku nyingine. Leo nina jambo la kukuambia wewe peke yako, na naomba usimpe mtu mwingine akusomee hata kama umelala.

Jana Mkamburi alitoka shule, akachukua kibuyu kile kidogo na viazi vilivyobaki, akapita nyuma ya jiko. Nikamfuata. Sikuwahi kupanda kule hata siku moja, kwa sababu mwaka tuliooana uliniambia mwenyewe kwamba mke aliyetoka mbali hapandi mwambani. Nikajificha nyuma ya jiwe. Mtoto akakaa chini mbele ya pango, mafuvu yanamtazama wala hana habari nayo, akagonga kibuyu kwa kucha, polepole. Akatoka nungunungu.

Si mkubwa sana. Miiba yake ilikuwa imelala. Alikuja mpaka magotini pa mtoto, akala kiazi mkononi mwake, na mtoto akawa anamsimulia habari za shule, nani amechapwa na nani ameanguka mtoni. Aliposhiba alirudi kwenye fuvu la babu yako, akalishika kwa miguu ya mbele, akaanza kulitafuna. Hicho ndicho kisu cha Gibson. Kwetu Bomeni baba alikuwa akiyachimba mashimo yao kwenye mahindi, na ndani hukosi mifupa ya ng'ombe iliyotafunwa. Si nyama wanayotafuta. Wananoa meno.

Nilijitokeza, mtoto akatetemeka mpaka nikamhurumia. Anasema alimwokota akiwa mdogo, siku mbwa wa Gibson walipomwua mama yake kwenye viazi. Akatafuta mahali ambapo hakuna mtu mzima anakwenda, na hapo ndipo alipopajua. Tulilia wote wawili, mimi kwa sababu zangu.

Sasa nisikilize. Usimwambie Gibson. Ukimwambia, mnyama huyu atauawa, na mtoto wako hana rafiki mwingine, kwa sababu wenzake wamekatazwa kucheza na mtoto wa mwanamke wa Bomeni. Hilo hukulijua. Tena watasema ni Mkamburi aliyeleta mnyama atafune kichwa cha mzee, na neno hilo litamfuata mpaka siku ya kuolewa. Nipe muda kidogo. Tutamzoesha kula bondeni vichakani mpaka ahame, na fuvu nitalirudisha mahali pake kwa heshima. Wewe waandikie wazee kwamba unaniamini, basi. Sababu si lazima uwape.

Nimemwahidi mtoto kwamba ni baba yake tu atakayejua.

Mkeo,
Tryphena


Kaloleni, Voi
20 Julai 1956

Kaka Gibson,

Nakuandikia kwa haraka, treni inaondoka. Mke wangu ameniandikia kwamba ni nungunungu. Anasema Mkamburi anamlisha mle pangoni, na kwamba mnyama ndiye aliyekwangua fuvu kwa meno. Ameniomba nisikuambie, na hilo ndilo lililonitia shaka zaidi, maana mwenye ukweli hakuombi uufiche. Mimi nimezaliwa Wusi. Nungunungu nimewala tangu utoto, sijawahi kumwona akitafuna mfupa mkavu wa mtu aliyekufa kabla reli haijafika hapa. Na mtoto wa shule akae na mafuvu akimsimulia mnyama habari, ni nani atakayeamini?

Hata hivyo moyo wangu hautulii. Nenda ukaangalie. Ukimkuta mnyama, mke wangu abaki. Usipomkuta, safari ya Bomeni iko pale pale.

Usiwaambie kwamba ni mimi niliyekueleza.

Ndugu yako,
Philemon


Wusi
29 Julai 1956

Ndugu yangu Philemon,

Jambo limekwisha, mshukuru Mungu.

Nilipopata barua yako nilipanda mwambani na wazee. Tulipiga kelele, tukachoma majani mabichi moshi ukajaa pangoni, tukachokoa ule ufa wa nyuma kwa fimbo. Hakikutoka kitu. Nikasema basi, mwanamke ni mwongo, nikamtuma Jedidah amwambie afunge sanduku. Siku ya safari sanduku lilikuwa mlangoni na lori la Mwatate linangojwa barabarani, mara Mkamburi akaja kunishika mkono. Akaniambia, "Baba Mkubwa, chukua mkuki wako, twende." Ni mtoto mwenye akili sana yule. Bila yeye tungekuwa tunabishana mpaka leo.

Tulimpata. Meno yake tuliyaweka kwenye fuvu la babu, na mistari ikalingana sawasawa. Wazee walitazamana wakacheka kidogo, si unajua aibu. Mkeo amebaki, sanduku amelifungua. Nilimpelekea paja zima nikidhani atafurahi, maana nyama ya nungunungu haipatikani kila siku. Amelirudisha. Sikutaka ugomvi, tumelila sisi.

Sasa imebaki homa yako. Mama amesikia yote na amenigombeza kama mtoto mdogo. Anasema kama si dawa basi ni hasira, kuna mtu wa nyumba hii amekushikia moyo wake, na kwamba hutapona mpaka tutase kama walivyotasa wazee, kila mmoja achukue maji ya miwa kinywani ayapulize nje pamoja na hasira yake. Mimi kama mzee wa kanisa siwezi kulikubali jambo hilo. Lakini nitahudhuria.

Ndugu yako katika Bwana,
Gibson


Wusi
1 Agosti 1956

Baba,

Shikamoo. Ulisema nikuandikie uone mwandiko wangu. Mwandiko ndio huu. Naandika kwa mwiba wa Karani, nimeuchonga ncha nikauchovya kwenye wino wa shule.

Karani ni jina nililompa, kwa sababu alikuwa na kalamu nyingi mgongoni kuliko hata mwalimu mkuu. Alipenda boga kuliko viazi. Ukimgusa pua anapiga chafya. Akikasirika anatikisa mkia wake unalia, lakini mimi hakuwahi kunitikisia. Sikujua kama kutafuna kichwa cha babu ni vibaya. Nilifikiri na babu anapata mtu wa kukaa naye.

Baba Mkubwa na wazee walipokuja na moshi, Karani hakutoka, kwa sababu nilimzoesha atoke kwangu tu. Nilikuwa nimesimama chini kwenye migomba na nilifurahi. Halafu wakasema Mama ni mwongo, aende Bomeni, mimi nibaki. Mama hakulia. Alikunja nguo zake, akaniambia nisiwe mkaidi kwa Mama Mkubwa, nikumbuke kufunga kuku.

Ndipo nikaenda kumwita Baba Mkubwa. Nilikaa pale ninapokaa siku zote, nikagonga kibuyu. Karani alikawia. Nilikuwa naomba asitoke, na mkono wangu unagonga. Kisha akatoka. Alimwona Baba Mkubwa amesimama na mkuki, lakini hakurudi ndani, kwa sababu mimi nilikuwepo.

Sikumletea kiazi siku ile. Nilisahau. Hilo ndilo linaloniumiza, alikuja akanusa mkono wangu na haukuwa na kitu.

Baba, Mama aliniambia kwamba amekuambia wewe peke yako. Lakini Baba Mkubwa alipopanda mara ya kwanza na moshi aliniuliza, "Yuko wapi huyo nungunungu wako?" Mimi nilikuwa sijamwambia mtu.

Nauliza swali moja. Mama alipokuambia, kwa nini hukumwamini?

Mimi mwanao,
Mkamburi


Kaloleni, Voi
8 Agosti 1956

Mwanangu Mkamburi,

Mwandiko wako ni mzuri, unanishinda mimi. Barua yako iko chini ya mto. Nimejaribu kulijibu swali lako na kila nikiandika naona ni maneno ya kujitetea. Nilikuwa mbali, nilikuwa naumwa, na Baba Mkubwa wako ni kaka yangu tangu nizaliwe. Hayo si majibu, najua. Ningalimwamini mama yako, rafiki yako angalikuwa hai. Nimekukosea, na yeye nimemkosea.

Nimempa gadi wa treni viatu vyako, vyeusi, vya ngozi. Nimenunua vikubwa kidogo ili uvikulie. Uvivae kanisani.

Homa haijaniacha. Mchana natetemeka juani na watu wananitazama. Nyanya yako anataka mtase kwa ajili yangu. Zamani nilikuwa nikiwacheka watu wa mambo hayo, siku hizi sicheki. Mwanangu, nakuomba, zamu yako ikifika nawe uyapulize maji, useme baba apone.

Baba yako,
Philemon


Wusi
19 Agosti 1956

Baba Mkamburi,

Viatu vimefika. Vinamtosha vizuri na nafasi ya kukulia ipo. Viko chini ya kitanda ndani ya karatasi yake. Nimemwambia avivae leo kanisani, akasema miguu yake haina baridi.

Tumetasa, baada ya ibada, uani kwa mama yako. Gibson alikuja na Biblia kwapani akasema yeye ni mtazamaji tu, lakini mama yako alimtazama mara moja, naye Gibson akaiweka Biblia kwenye kiti na kuwa wa kwanza. Alijaza kinywa akapuliza kuelekea Voi, akasema kama kuna kitu alikushikia basi kimetoka, upoe. Nadhani alisema kweli. Aliporudi kukaa alikuwa mdogo kuliko alivyosimama, na habari ya shamba hajaitaja tena.

Nikafuata mimi. Sitakudanganya, nilikuwa nazo nyingi. Unga nilikuwa nao, na sanduku nilikuwa nalo, na barua ile niliyokuomba uisome peke yako. Maji yalikaa kinywani mpaka mashavu yakauma. Kisha niliyapuliza yote, nikasema, "Apone, arudi." Sitaki ufe, Philemon. Nataka uwe hapa mbele yangu nikuulize nikikutazama machoni.

Ikafika zamu ya Mkamburi. Mama yako akamtilia maji ya miwa kwenye kibuyu kidogo kilichokuwa karibu, hakujua ni kibuyu gani, nami nilikiona mtoto akiwa ameshakishika. Mtoto alikitazama. Akanywa, akajaza kinywa, akageuka kuelekea Voi kama alivyoelekezwa. Tukangoja. Mama yako akamwambia kwa upole, "Haya, mjukuu wangu, yatoe, useme baba apone." Akatugeukia, akanitazama mimi.

Akayameza.

Aliyameza yote, tukaona koo likipanda na kushuka, akamrudishia nyanya yake kibuyu kwa mikono miwili na kumshukuru, kwa adabu. Gibson alitaka kumtilia mengine. Nikamwambia amwache.

Homa ikikuruhusu kusimama, panda treni. Uje mwenyewe, na usimletee kitu.

Mkeo,
Tryphena